Matawi ya Mti wa Kumi na Nne

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili msomaji asije akanidhania shujaa atakapofika mwisho. Nyumbani walinitania tangu utoto kwa kuogopa radi, kuogopa bata mzinga wa mapadri, kuogopa hata kuvuka daraja la miti nikiwa nimeshikwa mkono. Lakini huo ulikuwa woga wa kuchekwa. Woga wenyewe, ule unaokaa tumboni na kula chakula chako kabla yako, niliujua mwaka miti ya sipre ilipoanza kukauka.

Zaire ilikuwa bado Zaire. Nilikuwa nafanya kazi katika kituo cha utafiti kaskazini ya Bukavu, kwenye chumba kilichoitwa maabara ya magonjwa na wadudu wa misitu. Usidhani lilikuwa jambo kubwa. Tulikuwa watatu: mkuu wetu, mimi, na mzee mmoja aliyepanda miti kwa kamba na kuijua yote kituoni, mmoja mmoja, kama mtu anavyojua mbuzi wake. Tulikuwa na darubini moja ndogo, lensi mbili za mkononi, taa iliyowaka umeme ulipotaka, na daftari refu lenye jalada jeusi. Kazi yangu ilikuwa daftari hilo. Kila Ijumaa nilizizungukia sipre ishirini zenye namba, nikakata kitawi kwenye kila mti, nikakifunga kikaratasi kwa uzi, nikaandika namba ya mti na tarehe kwa kalamu ya risasi, maana wino hukimbia mvua ikinyesha, na Bukavu mvua haichoki. Kisha nilivikagua kwa lensi na kuandika nilichokiona. Neno nililoliandika kuliko yote katika daftari lile ni "hakuna".

Kazi hiyo niliipata kwa sababu ya tonton, mdogo wake papa. Papa, baba yangu, alikuwa seremala, mtu mwema, lakini kwa akili yake mtoto mwanamke akishajua kusoma barua na kufuata misa imetosha. Tonton alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilipomaliza la sita alikuja kuketi uani kwetu siku tatu mfululizo akisema maneno yaleyale, mpaka papa akachoka akaniacha niende shule ya masista. Papa hakupenda kushindwa. Alinisomesha vizuri, lakini kila nilipopata alama mbaya alikuwa akimtazama mdogo wake, si mimi.

Ndugu hao wawili walikaa kilima kimoja juu ya Bagira, yadi kwa yadi. Mimi nilikuwa nimepanga chumba huku chini Bagira, ili nidake lori la kituo asubuhi. Nyuma ya nyumba ya papa kulikuwa na sipre zake. Alizipanda mwaka niliozaliwa, akazipogoa kila kiangazi kwa mkono wake, na alikuwa amekwisha kuzigawa kichwani mwake: hizi za paa, hizi za milango, hizi za vitanda vya wajukuu. Alikuwa amepasua mbao za watu wengine maisha yake yote. Hizo zilikuwa zake. Chini yake kulikuwa na chemchemi ya tonton, na mwaka uliotangulia chemchemi ilipopungua, tonton alikasirika akasema mbele ya watu, "Hii miti yako inamaliza mayi yangu. Siku moja itakauka yote, utaona." Ulikuwa mdomo tu wa mtu aliyekosa maji. Lakini maneno ya hasira kilimani kwetu hayaozi, yanawekwa.

Barua ilitufikia wakati wa Kwaresima. Ilitoka kwa watu wa misitu wa nchi za mashariki, na ilisema kuna kidukari kipya, mdudu mgeni, kinachonyonya sipre peke yake, na kwamba kule kwao vilima vimegeuka rangi ya kutu. Mkuu wetu alitusomea tukiwa tumesimama. Alikuwa mtu mfupi, abakosi yake, koti la kiserikali la siku zile, imefungwa mpaka kooni hata kwenye joto, na hasira yake haikuwa na sauti. Alituita Citoyen na Citoyenne, yaani raia, kama serikali ilivyotaka, tena kwa heshima ya kweli.

"Kuanzia leo," alisema, "hata jani moja la sipre hapana kutoka hapa. Mwenye atatosha, akalitoa hata moja, nitamuandikia sabotaji. Citoyenne, umesikia?"

Nilisikia. Sabotaji, yaani hujuma, siku zile halikuwa neno la kuchezea. Mtu aliyeandikiwa neno hilo alikuja kuchukuliwa na watu wenye miwani myeusi, na familia yake ilijifunza kuulizia habari zake kwa sauti ya chini.

Sasa nieleze kosa langu, na nitalieleza polepole kwa sababu ndipo lilipo jambo lote.

Pale Bagira, Jumapili ya Matawi, hatukushika mitende. Mitende ilikuwa michache na ilikuwa ya watu. Tulishika sipre. Na kwa miaka mitano sipre za parokia zilitoka kwangu, kwa sababu nilikuwa mwanakwaya na kwa sababu za kituo zilikuwa laini, nene, zenye harufu inayojaza kanisa. Baada ya misa kila mtu alibeba tawi lake lililobarikiwa. Tawi dogo uliliweka nyuma ya msalaba ukutani. Kubwa ulilichomeka shambani au kwenye ua wa nyumba, likinge radi na mvua ya mawe. Na nyua za Bagira, karibu zote, zilikuwa za sipre.

Ijumaa kabla ya Matawi mvua ilinyesha tangu asubuhi. Niliizunguka miti yangu ishirini nikikimbia, koti limelowa, vidole vimekufa ganzi. Nilitazama ncha za majani kwa lensi iliyojaa ukungu, kama nilivyozoea. Sikuona kitu. Niliandika "hakuna" mara ishirini. Halafu nikajiambia: kama hakuna, basi hakuna. Mkuu amekataza kutoa ugonjwa, na daftari linasema ugonjwa haupo. Daftari ni langu, mwandiko ni wangu, nikaamini maandishi yangu mwenyewe kama Injili. Nilikata matawi ya mti wa kumi na nne, uliokuwa na majani mengi kuliko yote, nikayafunga kwa haraka kwa uzi wa maabara uliokuwa bado na kikaratasi chake, nikayaficha chini ya turubai la lori. Hata nilijipongeza kwa ujasiri. Mwoga akijipongeza kwa ujasiri, jua ameshaharibu.

Papa aliteremka kutoka kilimani kwa ajili ya misa ile. Alikuwa ameniomba tawi kubwa, na nilimletea kubwa kweli, refu kunipita. Padri alilinyunyizia maji. Papa alilibeba begani mpaka nyumbani, akalichomeka katikati ya sipre zake.

Wiki tatu baadaye yule mzee wetu wa kamba aliingia maabara bila kubisha. "Sisimizi zinapanda mu muti ule wa kumi na ine," alisema. "Miti ya sipre haina sukari. Sisimizi zinatafuta nini?"

Tulitoka watatu. Mkuu alipanua matawi kwa mikono miwili, akaingiza kichwa ndani kabisa karibu na shina, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akaniita nitazame. Gome la kitawi lilikuwa limefunikwa na vidukari vya kijivu, rangi ya gome lenyewe, vimelala kimya kimoja juu ya kingine, na chini yake majani yamenata kama yamepakwa asali. Nilipogusa, kitawi kizima kilitembea. Nilirudi nyuma nikamkanyaga mzee.

"Ulikuwa unaangaliaka wapi, Citoyenne?" mkuu aliniuliza.

"Ku ncha, Citoyen."

"Banakaaka ndani," alisema. "Ku ncha unaona kazi yao tu, na wakati ule imeshachelewa."

Hakusema zaidi. Alifikiri nimekosea jinsi ya kutazama, kosa ambalo hata yeye angeweza kulifanya. Mimi nilikuwa nahesabu matawi. Niliyaona yakipita moja moja mlangoni mwa kanisa: la mama wa kwaya, la katekista, la muuza mkaa, la papa. Siku ile sikuweza kushika kalamu. Nilimwambia mkuu nina malaria.

Tukaanza utafiti kwa nguvu. Mkuu alibandika ukutani ramani ya eneo, na kila mti mgonjwa ulioripotiwa tuliuchomea pini yenye kichwa chekundu. Alitaka kujua mdudu anatembeaje, maana ukijua njia yake unaweza kumkatia mbele, ukakata miti michache na kuichoma kabla hajafika kwenye mingi. Alikuwa na wazo lake: upepo wa ziwa. Vidukari vingine huota mabawa, upepo unavibeba, na pini zingetakiwa zijipange kufuata upepo. Sehemu nyingi zilijipanga hivyo. Bagira zilikataa.

"Hii Bagira inanisumbua," alisema asubuhi moja, kalamu mdomoni. "Angalia. Pini moja hapa, ingine kule, katikati hakuna. Upepo haurukake nyumba za bantu hivi. Iko kintu chenye hatujui."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na pini mkononi, na kila pini niliijua kwa jina la mwenye nyumba. Ilikuwa ramani ya parokia yangu. Kama mkuu angekuwa Mkatoliki wa Bagira angeiona palepale, lakini yeye alikuwa Mprotestanti wa mjini. Kila alipoinua macho kwenye ukuta nilijifanya nanoa kalamu. Nililala nikisikia kila gari linalopunguza mwendo. Nilikonda mpaka jirani akaniuliza kama nina mimba. Na bado sikusema. Nilijiambia nitasema Jumatatu, na Jumatatu zikapita kama watu wasionijua.

Kiangazi kilipoingia nilipanda kilimani. Nilikuwa nimekwepa kwenda kwa miezi miwili, nikisingizia kazi. Nilizinusa sipre za papa kabla sijaziona, harufu ya kuni zilizolala juani. Zilikuwa nyekundu. Mbichi zilibaki pembeni tu, zikizunguka duara la miti mikavu, na katikati ya duara lilisimama tawi langu, limekauka siku nyingi, limefungwa kwenye shina ili lisiangushwe na mvua. Nilikaa chini kwenye nyasi, nikalia.

Papa alinikuta hapo. Alidhani nalilia miti, akaniinua kwa upole.

"Usilie," alisema. "Najua nani alifanya. Alisema itakauka, na imekauka. Alisema mbele ya bantu."

"Papa, tonton hawezi."

"Kikulacho kiko mu nguo yako, mutoto wangu."

Methali hiyo ilinipiga kifuani. Yeye alimaanisha ndugu yake. Mimi niliisikia ikiniita mimi. Nilifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa ni kumwuliza kama amekula.

Mchana ule tonton alituletea kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Kwetu mwenye pombe huionja kwanza mbele ya mgeni, ili ijulikane haina sumu, ndipo anapopokea mwenzake. Tonton alionja, akameza, akampa papa kikombe. Papa alikipokea. Akakiweka chini kando ya kiti, hakukigusa tena. Tonton alitazama kikombe, akatazama mikono yake, akaaga. Mtu asiyetoka kwetu angeona kikombe kilichosahauliwa. Sisi tuliona ndugu wawili wamekuwa maadui mchana kweupe.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Kilimani sipre za watu wengine nazo zilianza kuwa nyekundu, na kila aliyeona mti wake unabadilika alikumbuka ule mdomo wa tonton. Watoto wa shule yake waliacha kumsalimia. Mlango wake ulipigwa mawe mara mbili, mara ya pili ukapasuka, akaufunga kwa gunia. Vijana walisema waziwazi sokoni kwamba mchawi hakai kilima kimoja na watu. Na hayo hayakuwa maneno matupu, maana kilima cha ng'ambo, nikiwa msichana, niliwahi kuona nyumba ya mtu ikiungua na watu wamesimama wanaitazama bila kubeba hata kikombe cha maji. Mwenye nyumba alikuwa ndani. Ndicho kilichokuwa kichwani mwangu kila siku nilipochoma pini ukutani.

Papa aliita wazee wa ukoo, Jumapili baada ya misa, mdogo wake aje ajibu. Kama asingejibu, papa alikuwa tayari kumkana mbele yao. Na papa akishamkana, tonton hangekuwa na mtu wa kumsimamia, na vijana walikuwa wanasubiri hilo tu.

Nilipanda na lensi mfukoni. Njiani nilisimama mara tatu ili nirudi. Nasema kweli, mara ya tatu nilikuwa nimeshageuka, nimeteremka hatua kadhaa. Kilichonirudisha si wema. Nilikutana na vijana wanne wanapanda, mmoja amebeba kidumu cha petroli, na alinisalimu kwa adabu, "Mambo, da," kama mtu anayekwenda kuwasha jiko.

Uani kwa papa wazee walikuwa kwenye mabenchi aliyoyatengeneza mwenyewe. Vijana walisimama nje ya ua. Tonton alikaa peke yake kwenye kigoda, koti lake la ualimu limepigwa pasi, mkono mmoja mfukoni. Mzee mkubwa alimwuliza mara ya kwanza: anajua nini juu ya miti ya kaka yake? Tonton alisema, "Sina maneno." Alimwuliza mara ya pili. "Sina maneno, muzee." Sauti ilikuwa yake ileile ya darasani. Nilitaka kumtikisa. Mwalimu mzima, mtu aliyeweza kusema siku tatu mfululizo kwa ajili yangu, leo hawezi kusema "si mimi"? Nje ya ua nilisikia mtu anacheka.

Papa alisimama. Nilipoona amesimama nilisimama nami. Sikumbuki kuamua. Mkojo ulinitoka kidogo, na hilo silifichi.

"Papa, ngoja," nilisema. "Kabla hujasema, angalia hapa."

Nilikwenda kwenye miti, nikavunja kitawi kwenye sipre iliyokuwa bado nusu mbichi, nikarudi nacho, nikampa lensi. Nilimshikia kitawi mwangani. Alifumba jicho moja, kama alivyofanya akipima ubao. Akakaa hivyo. Kisha nikamsikia akipumua.

"Biko na miguu," alisema taratibu. "Binatembea."

"Ni badudu, papa. Njo banakunywa maji ya muti. Hakuna muchawi. Ku kazi tunabajua, tunabaandika."

Lensi ilipita kwa wazee, mmoja baada ya mwingine. Mzee mkubwa alipotazama alifuta jicho akatazama tena. Ningeweza kunyamaza pale. Nilitamani sana kunyamaza pale. Lakini papa alikuwa fundi, na fundi akiona ufa huuliza ulikoanzia.

"Na bilifika hapa namna gani?" aliniuliza. "Juu ya nini bilianzia katikati?"

Neno "upepo" lilikuwa mdomoni mwangu, limeiva. Mkuu mwenyewe aliliamini. Nililimeza.

"Ni mimi, papa. Mimi njo nilibileta. Bilikuwa mu matawi ya Matawi. Walinikataza ku kazi, nikatosha, nikayaleta. Nilipaswa kuangalia ndani, mvua ilikuwa inanyesha, nikaangalia ku ncha."

Papa hakunitazama. Alitazama miti.

"Lile tawi kubwa," alisema. "Nililipanda na mikono yangu. Padri alilibariki."

"Ndiyo, papa."

Alinirudishia lensi, akaingia ndani, akafunga mlango. Wazee walikohoa, wakaulizana habari za mvua, wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Nje ya ua wale vijana walibaki kidogo, wakionekana wamekasirika kidogo, kisha yule mwenye kidumu akakiweka begani akateremka. Tonton alipita mbele yangu, akanigusa kichwa kama nilipokuwa wa darasa la pili, akaenda zake.

Jumatatu nilimwambia mkuu. Nilisimama mbele ya ramani, nikamwonyesha pini za Bagira moja baada ya nyingine, nyumba kwa nyumba, nani alipata tawi na alilichomeka wapi. Nilipomaliza alikuwa amefungua kifungo cha kooni, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Nilingoja neno lile la sabotaji. Nilikuwa nimeshamwachia jirani funguo za chumba.

Alichukua daftari, akalifungua kwenye ile Ijumaa ya mvua, akanipa kalamu. "Andika kando yake," alisema. "Andika: sikuangalia ndani." Niliandika mara ishirini, mbele ya kila "hakuna". Halafu akanituma mimi na mzee wa kamba twende nyumba kwa nyumba Bagira, tukusanye matawi yote makavu, tukate kila ua ulioguswa na kuuchoma, na mimi mwenyewe nimweleze kila mwenye nyumba kwa nini. Ilituchukua wiki tano. Nilitukanwa na watu niliowasimamia watoto wao ubatizoni. Mama wa kwaya alinimwagia maji ya vyombo. Mkuu hakuandika sabotaji, na mimi niliendelea kuogopa magari mwaka mzima hata hivyo. Siku moja aliniambia kwamba huenda vidukari vingefika kwa upepo mwezi uleule, hata bila mimi. "Hatutajua," alisema. Nadhani alitaka kunifariji.

Papa hakunisemesha mpaka mwisho wa kiangazi. Alikata sipre zake zote, nzima na kavu, kwa sababu nilimtumia ujumbe kwamba za pembeni nazo lazima zikatwe. Matawi alichoma. Mashina aliyapasua, maana kidukari hakili mbao. Nilisikia kutoka kwa majirani kwamba anapiga randa tangu asubuhi mpaka giza na hasemi ni kazi ya nani.

Ulikuwa mlango. Nilipanda kilimani siku alipoubeba mgongoni mpaka yadi ya pili, akaondoa gunia la mdogo wake, akapima, akachonga kidogo upande wa chini, akautundika kwenye bawaba mpya. Aliufungua na kuufunga mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Tonton alitoka na kasiksi, akamimina, akainua kikombe ili aonje kwanza kama ilivyo desturi. Papa alimpokonya kikombe kabla hakijagusa mdomo wake, akanywa chote, akafuta masharubu. Kisha akaokota nyundo yake akaenda nyumbani. Neno "samahani" sikulisikia kilimani siku ile.

Tulibaki wawili mlangoni. Harufu ya sipre ilikuwa kali. Tonton aliingiza mkono kwenye mfuko wa lile koti la ualimu, akanipa kitu kilichokunjwa. Kilikuwa kikaratasi cha maabara chenye uzi wake. Mvua ilikuwa imekipitia, lakini kalamu ya risasi haikimbii. Mwandiko ulikuwa wangu. Mti wa kumi na nne, na tarehe ya Ijumaa ile.

"Ulipata hii wapi, tonton?"

"Chini ya lile tawi. Miti ilianza kukauka pale pale penye ilikuwa. Nikaokota."

"Lini?"

"Wiki ya Pentekoste, mbele ya kiangazi."

Nilihesabu. Kikombe kilichowekwa chini, mawe mlangoni, kigoda, mzee akimwuliza mara mbili, petroli nje ya ua. Wakati wote huo mkono wake ulikuwa mfukoni.

"Juu ya nini hukuonyesha? Wangekuunguza!"

Alifungua mlango mpya, akaufunga, akasikiliza unavyofunga.

"Ningeonyesha," alisema, "papa yako angesema: unaona sasa, nilikuambiaka, mutoto mwanamuke hapana kusoma."